Kufungua konsoli na redio ya gari bila kuvunja dashibodi

Redio imezimika ghafla. Tundu la kuchajia simu halitoi moto. Soda imemwagika pembeni ya gia na sasa gia inagoma kutoka. Kifuniko cha boksi la katikati ya viti kimevunjika. Shida hizi mara nyingi huishia mahali pamoja: sehemu ya katikati ya dashibodi ifunguliwe. Na hapo ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Mtu anachomeka bisibisi kwenye ufa, anakandamiza, plastiki inapasuka, na tangu siku hiyo dashibodi inapiga kelele kila gari linapopita kwenye shimo.

Kazi hii inawezekana kwa mtu yeyote mwenye subira na vifaa vichache. Shika kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho: kwenye dashibodi hakuna kinachotoka kwa nguvu. Kipande kikigoma, kuna skrubu au klipu ambayo hujaiona. Acha kuvuta, washa tochi, tafuta.

Konsoli tunayoizungumzia ni lile boksi refu la plastiki lililo kati ya viti viwili vya mbele, linalozunguka gia na handbreki na kupanda hadi chini ya redio. Mifano mingi hapa ni ya Toyota zilizotumika Japani, kama Corolla, Fielder, IST na Premio, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu Afrika Mashariki. Kwa aina nyingine hatua ni zilezile, ila idadi na mahali pa skrubu hutofautiana.

Je, kuna haja ya kufungua?

Anza na fyuzi. Fyuzi ni kipande kidogo chenye uzi wa madini ndani, kinachoungua kwa makusudi umeme unapozidi ili waya usiungue. Boksi la fyuzi za ndani kwa kawaida liko chini ya dashibodi, na jingine liko kwenye injini karibu na betri. Angalia maandishi kwenye kifuniko chake. Fyuzi za redio na tundu la kuchajia mara nyingi huandikwa RAD, ACC, DOME au CIG. Chomoa moja moja na uitazame kwenye mwanga. Uzi ukiwa umekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Rangi zitakusaidia: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20. Usiweke namba kubwa zaidi ili tu isiungue tena, kwa sababu safari ijayo kitakachoungua ni waya wenyewe, na moto wa gari huanza hivyo. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna shoti mahali fulani. Hapo sasa kufungua kuna sababu.

Swali la pili: je, redio ni mbovu kweli, au inakamata stesheni chache tu? Huko Japani masafa ya FM yalianzia megahezi 76 hadi 90, na redio za miaka ya karibuni hufika 95. Kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio iliyokuja na gari inaweza kuwa nzima kabisa, lakini stesheni zako nyingi ziko nje ya uwezo wake. Dawa zake ni mbili: kubadilisha redio, au kufunga kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Ekspanda hukaa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kushusha masafa ya stesheni zetu hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuyasoma. Ni ya bei nafuu kuliko redio mpya, lakini ina mpaka wake. Redio ya 76 hadi 90 ina nafasi ya megahezi 14 tu, wakati stesheni zetu zimetandazwa kwenye megahezi 20 na nusu. Baadhi hazitaingia, na namba utakayoiona kwenye kioo haitakuwa namba halisi ya stesheni.

Jambo la kukagua kabla ya kugusa betri

Redio nyingi za Kijapani zenye skrini ya ramani hujifunga umeme wa betri unapokatika. Ukiurudisha, skrini inadai kadi au diski ya ramani, au namba ya siri, na bila hivyo haifanyi chochote. Redio za kawaida za baadhi ya magari, Honda zikiwemo, nazo hudai namba ya siri. Kwa hiyo, kama redio yako ni nzima na unaitoa ili tu ufikie kitu kilicho nyuma yake, kwanza hakikisha kadi ya ramani ipo kwenye tundu lake na namba ya siri unayo. Pekua kitabu cha gari, kwenye droo ya abiria, na nyaraka ulizopewa ulipolinunua. Kama huvipati, tafuta kwanza fundi wa redio anayefungua aina hiyo na mkubaliane bei, ndipo uanze kazi.

Vifaa vya kuwa navyo

Unahitaji bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, ndefu na fupi. Unahitaji spana au soketi namba 10, yenye mkono wa kurefusha, na namba 8 kwa akiba. Tafuta vijiti vya plastiki vya kubandulia, ambavyo huuzwa kwa seti kwenye maduka ya vifaa vya magari. Ukivikosa, funga ncha ya bisibisi bapa kwa tepu ya umeme au kitambaa chepesi ili isichane plastiki. Ongeza tochi, koleo yenye mdomo mwembamba, vikopo vichache vya kuwekea skrubu, taulo la kufunika plastiki ya gia, na simu ya kupigia picha. Kama utaunganisha redio mpya, nunua pia mita ya kupimia umeme. Ile ndogo ya kawaida kwa Tanzania hupatikana kwa chini ya shilingi 30,000, na itakutumikia miaka mingi.

Chagua mahali tambarare penye kivuli na mwanga. Plastiki ya gari lenye umri huwa kavu na huvunjika kirahisi, na zaidi ikiwa baridi. Kama uko Mbeya, Arusha au Limuru, asubuhi ya baridi liache gari juani kidogo kwanza. Plastiki yenye vuguvugu hujipinda bila kupasuka. Kama ni mara yako ya kwanza, jitengee nusu siku.

Kwa nini betri ikatwe kwanza?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni shoti: nyuma ya redio kuna waya wenye umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ya pili ni uhai wako. Kwenye dashibodi kuna mifuko ya hewa, yaani eabegi, inayofumuka kwa mlipuko gari linapogonga. Kompyuta inayoiamuru, kwenye Toyota nyingi, imefungwa sakafuni chini ya konsoli, palepale utakapokuwa unafanyia kazi.

Fanya hivi. Vuta handbreki hadi mwisho na uweke vigingi au mawe kwenye magurudumu. Zima gari, toa ufunguo. Kwa spana namba 10, legeza terminali hasi ya betri, yenye alama ya kutoa, uitoe na kuisogeza mbali ili isirudi yenyewe. Anza na hasi daima, kwa sababu bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Kisha subiri. Toyota huelekeza kusubiri si chini ya sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Ongeza dakika chache, hupotezi kitu.

Kwa wenye magari ya haibridi, kama Aqua na Prius, betri ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, kwenye buti au chini ya kiti cha abiria wa nyuma. Kama iko kwenye buti linalofunguka kwa swichi ya umeme, usilifunge baada ya kukata betri, maana huenda lisifunguke tena kwa urahisi. Nyaya zozote zenye gamba la rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Hizo usiziguse kabisa.

Kutoa konsoli

Anza na gia. Kwenye gari la gia za mkono, kichwa cha gia hufunguka kwa kukizungusha kinyume na saa. Kwenye otomatiki, huenda ukahitaji kusogeza gia kutoka P ili plastiki ipite, lakini betri ikiwa imekatwa gia haitoki. Pembeni ya gia tafuta kitufe kidogo au kifuniko kidogo cha plastiki. Ukikikandamiza kwa ncha ya bisibisi huku ukivuta gia, itaachia. Ndiyo maana handbreki na vigingi ni lazima.

Plastiki inayozunguka gia kwa kawaida hushikwa na klipu tu. Ingiza kijiti cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma, inua kidogo, sogea sentimita chache, inua tena. Utasikia mlio wa klipu zikiachia moja baada ya nyingine. Usivute ghafla, kwa sababu chini yake kunaweza kuwa na nyaya za taa ya gia, swichi au tundu la kuchajia. Bonyeza ulimi mdogo wa kila plagi, kisha uvute plagi yenyewe. Usivute waya.

Sasa skrubu zitaonekana. Mara nyingi kuna mbili mbele, kila upande karibu na miguu ya dereva na abiria, na nyingine ndani ya boksi la nyuma, chini ya zulia au kifuniko kidogo. Sogeza viti mbele kutafuta za nyuma, kisha nyuma kutafuta za mbele. Piga picha kila hatua, na weka skrubu za kila sehemu kwenye kikopo chake. Hili si jambo la mapambo: skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa waya au plastiki upande wa pili.

Skrubu zikiisha, hakikisha handbreki bado iko juu kabisa, inua konsoli upande wa nyuma kwanza, kisha ivute kuelekea nyuma. Ikigoma, usiinyanyue kwa mabavu. Kuna skrubu moja bado. Sakafuni ukiona kiboksi cha chuma chenye plagi ya njano, hicho ni cha eabegi. Usikigonge, usikifungue, usichomoe plagi yake. Kila plagi ya njano ndani ya gari ichukulie hivyo.

Kutoa redio

Redio imefichwa nyuma ya fremu ya plastiki, ambayo kwenye magari mengi hubeba pia matundu ya hewa ya AC na swichi ya taa za hazadi. Anza chini, mahali ulipokwisha kutoa plastiki ya gia, kwa sababu pana nafasi ya kuingiza vidole. Vuta kuelekea kwako kwa mikono miwili, kulia na kushoto kwa usawa. Ikiachia, geuza fremu taratibu na uchomoe plagi ya hazadi na nyinginezo.

Kama AC yako ni ya vitufe vya kuzungusha, huenda nyuma yake kuna kebo za chuma zinazovuta milango ya hewa. Kebo hizo zikipinda, joto na baridi havitabadilika tena vizuri. Ziache zilivyo, au zitoe kwa makini baada ya kuweka alama mahali kila moja ilipokuwa.

Redio yenyewe mara nyingi hushikwa na bolti nne, mbili kila upande. Zifungue, ukishikilia ya mwisho isidondoke nyuma ya dashibodi. Funika plastiki ya chini kwa taulo, vuta redio, na kabla ya kuchomoa chochote piga picha ya nyuma yake. Toyota nyingi zina plagi mbili kubwa: moja ya pini 10, inayobeba umeme na spika za mbele, na moja ya pini 6 kwa spika za nyuma. Waya mnene wa duara ni antena, nao huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa.

Ukiwa umefungua, tengeneza nini?

Tumia nafasi hiyo. Kama soda ilimwagika kwenye gia, futa sukari yote kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kidogo, kausha, na swichi uzisafishe kwa dawa ya kunyunyizia ya viunganishi vya umeme, si kwa maji. Kama dashibodi hulia barabarani, tafuta mahali plastiki mbili zinaposuguana, penye alama nyeupe au vumbi laini, na ubandike kipande cha kitambaa chenye gundi. Klipu zilizovunjika zibadilishe sasa. Zilizobaki kwenye matundu ya dashibodi zitoe kwa koleo na uzirudishe kwenye fremu kabla ya kufunga.

Kuunga redio mpya

Pima nafasi kabla ya kununua. Redio kubwa ya kawaida duniani ina upana wa milimita 180 na kimo cha 100, lakini Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya upana wa milimita 200. Ukinunua ya 180, utabaki na ufa wa milimita 10 kila upande, hivyo ulizia na vipande vya kuziba. Redio za skrini kubwa za Android zinahitaji fremu iliyotengenezwa kwa gari lako hasa.

Usikate plagi za gari. Ungenitaka nikupe ushauri mmoja tu, ningekupa huu. Nunua plagi ya kuunganishia, ambayo upande mmoja inaingia kwenye plagi ya Toyota na upande mwingine ina nyaya za kuunga na redio mpya. Ni ya bei ndogo, na siku ukitaka kubadilisha redio tena, au kuuza gari, mfumo wote uko salama.

Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu unaotunza saa na kumbukumbu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, na mweusi ni hasi. Kwenye Toyota nyingi, umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Usiamini rangi peke yake, maana gari limepita mikono mingi. Rudisha betri kwa muda, pima kwa mita, kisha ikate tena ndipo uunge. Ukibadilisha njano na nyekundu, redio itasahau saa na stesheni kila ukizima gari, au itanyonya betri usiku. Kila kiungo kifunge kwa risasi au kibano, kisha tepu. Kusokota tu waya kwa vidole hakudumu.

Kufunga na kujaribu

Kabla ya kurudisha plastiki yoyote, unga plagi zote, rudisha terminali hasi, na ujaribu: redio, kila spika peke yake, hazadi, AC, taa za gia, tundu la kuchajia. Taa ya eabegi kwenye dashibodi iwake sekunde chache na kuzimika. Ikibaki inawaka, gari liende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta kabla ya safari yoyote. Yote yakiwa sawa, kata betri tena, funga kwa kurudi nyuma kwenye picha zako, na skrubu zikaze kwa kiasi, kwani plastiki hupasuka ukizidisha.

Baada ya hapo, panga saa upya. Vioo vya umeme vikikataa kupanda vyenyewe, vuta swichi hadi kioo kifunge kabisa na uendelee kuishikilia sekunde chache. Injini inaweza kutetereka kidogo gari likiwa limesimama siku ya kwanza, kisha hutulia.

Gharama na wapi pa kwenda

Fyuzi na klipu ni vitu vya bei ya chini kabisa, vikifuatiwa na plagi ya kuunganishia na ekspanda. Kinachokula pesa ni redio yenyewe na fremu iliyovunjika, kwa sababu fremu nyingi hupatikana tu zikiwa zimetumika, na hutafutwa kwa kuzunguka maduka. Dar es Salaam anza Gerezani na Kariakoo. Nairobi, spea ziko Kirinyaga Road, na redio utazipata Luthuli Avenue. Nenda na kipande kilichovunjika mkononi na mwaka wa gari, wala usitegemee jina la gari pekee.

Ukiamua kumpa fundi, usione haya. Mpe kazi fundi umeme wa magari, na mkubaliane mambo manne kabla hajashika bisibisi: bei ya ufundi bila vifaa, kwamba atakata betri, kwamba hatakata plagi za gari, na kwamba klipu au fremu ikivunjika mikononi mwake ataileta nyingine. Piga picha dashibodi mbele yake. Fundi mzuri hatakasirika, na wewe utakuwa na uthibitisho. Kazi yoyote inayogusa eabegi, nyaya za chungwa au fyuzi inayoungua tena na tena, hiyo mwachie yeye. Mengine yote, kwa mpangilio huu, mikono yako inayaweza.